Je, Wajua? Kikaratasi cha Ubaoni Kinavyofika Kwenye Wiki

Timu hukubaliana mambo mengi ubaoni, kisha huyasahau kwa sababu hakuna aliyeyaandika kwenye wiki. Ndiyo maana watu wanaviunganisha vyombo hivi viwili vipeane habari vyenyewe: ubao wa kidijitali kama Miro, Mural au FigJam upande huu, na wiki ya timu kama Confluence au MediaWiki upande ule. Yafuatayo ni mambo 25 kuhusu safari hiyo. Jambo moja litajirudia: maneno huhamishika kwa urahisi, lakini uamuzi lazima autamke mtu.

VILIKOTOKA

1. Je, wajua kuwa watu wawili walifanya kazi kwenye skrini moja, kila mmoja akiwa mji wake, kabla binadamu hajakanyaga mwezini? Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alionyesha hadharani kipanya, viungo vya kubofya na skrini ya pamoja. Mwenzake, Bill Paxton, alikuwa Menlo Park, karibu kilomita 48 kutoka ukumbini. Walihariri kazi ileile huku wakionana kwa video.

2. Je, wajua kuwa kikaratasi cha kunata kilitokana na gundi dhaifu? Mwaka 1968 Spencer Silver wa kampuni ya 3M alikuwa akisaka gundi kali, akaambulia inayoshika na kubanduka. Mwaka 1974 mwenzake Art Fry, mwanakwaya aliyechoshwa na alama zilizokuwa zikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo, akaipatia kazi. Vikaratasi hivyo viliuzwa Marekani nzima kuanzia 1980. Unjano wake ulitokana na mabaki ya karatasi yaliyokuwa kwenye maabara ya jirani. Hata leo, programu ikiunda kikaratasi kwenye Miro bila kutaja rangi, hutoka cha njano nyepesi.

3. Je, wajua kuwa kupanga vikaratasi kwa mafungu ni mbinu ya mwanaanthropolojia? Jiro Kawakita wa Japani, aliyefanya utafiti Nepal, alikuwa na lundo la maelezo ya uwandani lisilopangika. Aliandika kila jambo kwenye karatasi yake, akayaacha yanayofanana yasogeleane, kisha ndipo akayapa vichwa. Mbinu hiyo huitwa KJ, kwa herufi za majina yake. Sharti lake ni kwamba vichwa huja mwisho. Boti nyingi, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, za kuhamisha vikaratasi hufanya kinyume: hudai vichwa kwanza.

4. Je, wajua kuwa wiki ya kwanza ilifunguliwa tarehe 25 Machi 1995? Ilikuwa kazi ya Ward Cunningham wa Portland, Oregon, aliyetaka wataalamu wa programu waandike mbinu zao bila kusubiri mhariri. Ukiunganisha maneno mawili, kila moja likianza kwa herufi kubwa, wiki ilizalisha kiungo yenyewe. Kama ukurasa huo haukuwepo, ilikualika uuandike.

5. Je, wajua kuwa vyombo hivi vilikulia mabara tofauti? Atlassian ilianzishwa Sydney mwaka 2002 na Mike Cannon-Brookes na Scott Farquhar kwa mkopo wa kadi wa dola 10,000. Confluence ikafuata 2004. Miro ilianzia Perm, Urusi, mwaka 2011 ikiitwa RealtimeBoard, na 2019 ikachukua jina la mchoraji Joan Miró. Mural ilianzishwa mwaka huohuo wa 2011 na Mariano Suarez-Battan wa Argentina, aliyetokea kwenye utengenezaji wa michezo ya kompyuta. Hakuna kilichoundwa kwa ajili ya mwenzake.

UBAONI

6. Je, wajua kuwa kompyuta haioni ubao? Inaona orodha. Katika Miro katikati ya ubao ni sifuri kwa sifuri, na kila kitu kina umbali wake kutoka hapo. Kikaratasi kimoja kikitolewa na programu, hutoka na maandishi kama `<p>Mnada wa ng&#39;ombe Pugu</p>`, umbo la mraba, rangi ya njano nyepesi, x ikiwa -412 na y ikiwa 880. Kwamba kiko chini kushoto kwa sababu mwenyekiti alikitupa huko baada ya mjadala mkali, hilo halimo.

7. Je, wajua kuwa fremu, yaani kisanduku kinachozungushia vitu ubaoni, ndiyo rafiki mkubwa wa boti? Kikaratasi kikiwa ndani ya fremu ya Miro, vipimo vyake huhesabiwa kutoka kona ya juu kushoto ya fremu hiyo, na programu inaweza kuuliza vilivyomo ndani yake tu. Timu yenye fremu moja iliyoandikwa "Maamuzi" imemaliza nusu ya kazi ya otomatiki kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo.

8. Je, wajua kuwa mshale unasomeka lakini ukaribu hausomeki? Mshale huhifadhiwa pamoja na vitambulisho vya kitu unakotoka na kitu unakokwenda, hivyo boti hujua kipi kimefuata kipi. Vikaratasi vitano vilivyokusanywa bila fremu, lebo wala mshale, kwake ni jozi tano za namba. Unaweza kuikadirisha kwa hesabu za umbali, na itakisia. Lakini mtu akisogeza kimoja ili asome cha chini yake, fungu limebadilika.

9. Je, wajua kuwa boti inaweza kukupa vikaratasi 50 na kunyamaza kuhusu vingine 300? Miro hutoa vitu vya ubao kwa mafungu, visivyozidi 50 kwa ombi moja, pamoja na alama ya kuombea fungu linalofuata. Msimbo uliosahau kuomba fungu la pili haupati kosa lolote. Ukurasa wa wiki hutoka safi, umepangika, na haujakamilika.

10. Je, wajua kuwa herufi moja ya Kiswahili huwasumbua sana waunganishaji? Ni ng'. Alama ile ya juu huandikwa `&#39;` ndani ya HTML, na boti isiyoirudisha hali yake humwaga "ng&#39;ombe" na "ng&#39;ambo" kwenye wiki. Upande wa pili una mtego wake: tangu toleo la 4.0 la mwaka 2011, Confluence huhifadhi kurasa kwa muundo wa XHTML, ambao hautaki alama ya & ikae peke yake. Kikaratasi cha "Mama & Mtoto" kinaweza kukataliwa mpaka alama hiyo iandikwe `&amp;`. Kabla ya kuanza kazi, jaribu na vikaratasi viwili: kimoja chenye ng', kingine chenye &.

11. Je, wajua kuwa kwenye ubao hakuna "nimemaliza"? Teknolojia ya watu wengi kuhariri kwa pamoja ilielezwa na Ellis na Gibbs mwaka 1989, na mbinu nyingine iitwayo CRDT ikatangazwa rasmi 2011. Kutokana na mawazo hayo, kila herufi huhifadhiwa inapogongwa, na kitufe cha kuhifadhi kikatoweka. Kwa binadamu ni raha. Kwa boti ni shida, maana haijui kama "Tuahirishe" ni wazo la sekunde hii au kauli ya kikao. Dawa yake ni ishara anayoiweka mtu kwa mkono wake: lebo ya "Imeamuliwa". Boti iguse chenye lebo hiyo, na kingine chochote ikipite.

NJIANI

12. Je, wajua kuwa kuna njia mbili za boti kupata habari? Ya kwanza ni kuulizauliza: kila baada ya muda inabisha hodi kuona kama kuna jipya. Akaunti ya bure ya Zapier, huduma ya kuunganisha programu, kwa muda mrefu imekuwa ikifanya hivyo kila dakika 15. Ya pili ni webhuku, jina alilolibuni Jeff Lindsay mwaka 2007: chombo chenyewe hupeleka taarifa pale jambo linapotokea. Kwa kumbukumbu za kikao, ya kwanza inatosha kabisa. Hakuna anayesoma muhtasari dakika mbili baada ya kikao.

13. Je, wajua kuwa huhitaji kuwa mwandishi wa programu? Zapier ilianzia Columbia, Missouri, mwaka 2011. Make ya Prague ilijulikana kama Integromat hadi 2022. Power Automate ya Microsoft iliitwa Flow hadi 2019. n8n ya Berlin, ya mwaka 2019, inaweza kuwekwa kwenye seva yako mwenyewe. Zote hukuruhusu kupanga hatua kwa kuburuta visanduku: kikitokea hiki, fanya kile.

14. Je, wajua kuwa namba 429 ni adabu ya mtandao? Ilisajiliwa rasmi mwaka 2012 na maana yake ni kwamba umeomba mara nyingi mno, subiri. Mara nyingi huja na idadi ya sekunde za kusubiri. Boti iliyoandikwa vizuri huisoma na kutulia. Iliyoandikwa vibaya hurudia papo hapo, ikazidi kufungiwa.

15. Je, wajua kuwa kusubiri nako kuna kanuni, na ni ya zamani kuliko wavuti? Robert Metcalfe na David Boggs walipoeleza Ethernet mwaka 1976, waliweka utaratibu wa kompyuta zilizogongana kurudi nyuma kwa muda wa kubahatisha, unaorefuka kila zinapogongana tena. Waunganishaji wa leo hutumia wazo hilohilo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti kuzorota Kenya, Tanzania na Uganda, boti inayojua kusubiri na kurudia ilikuwa na nafasi ya kumaliza kazi baadaye. Isiyojua iliacha pengo.

16. Je, wajua kuwa ratiba nyingi za boti hazijui saa yako? GitHub Actions, kwa mfano, kwa kawaida huhesabu kwa saa ya dunia, UTC. Ukiandika 06:00, Nairobi na Dar es Salaam ni saa tatu asubuhi. Kigali, Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi ni saa mbili. Sisi hatubadilishi saa kwa majira. Amsterdam hubadilisha, hivyo mwenzako wa huko yuko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Andika ukanda wa saa kwenye ratiba, usiuache ukisiwe.

17. Je, wajua kuwa otomatiki ya pande mbili inaweza kujizungusha bila kikomo? Ubao umebadilika, boti inasahihisha wiki. Wiki imebadilika, boti ya pili inasahihisha ubao. Zinafanana na wageni wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake "tangulia wewe". Barua pepe ziliwahi kuugua ugonjwa huu: majibu ya "nipo likizo" yalijibizana, hadi mwaka 2004 ukatolewa mwongozo rasmi wa kuyakomesha, RFC 3834. Kinga ni ileile: boti iweke alama kwenye kila ilichoandika, na isijibu chenye alama hiyo.

18. Je, wajua kuwa boti hufa mwenye ufunguo anapoondoka? Muunganisho mwingi hutumia tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali, ya mtu mmoja, kwa kawaida yule aliyejitolea kuujenga. Akaunti yake ikifungwa, muhtasari unakoma. Zaidi ya hapo, tangu Desemba 2024 tokeni mpya za API za Atlassian hazidumu zaidi ya mwaka mmoja. Tumia akaunti ya kazi isiyo ya mtu, na tarehe ya kuisha iwe kwenye kalenda ya timu nzima.

KWENYE WIKI

19. Je, wajua kuwa Confluence humtaka kila mwandishi ataje namba ya toleo? Ukurasa ukiwa toleo la 14, boti inayouhariri lazima iseme inaleta la 15. Ikiwa Rehema wa uhasibu amehifadhi la 15 dakika moja kabla, boti hukataliwa kwa kosa namba 409: mgongano. Njia sahihi ni kuusoma ukurasa upya, kuongeza sehemu yako tu, na kuleta la 16. Njia ya hatari, inayoonekana rahisi, ni boti kubadilisha namba na kurusha maandishi yaleyale ya awali. Itakubaliwa, na masahihisho ya Rehema yatabaki kwenye historia ya ukurasa, ambako hakuna anayechungulia.

20. Je, wajua kuwa kubandika ubao hai ndani ya ukurasa kunaweza kuharibu kumbukumbu? Ubao uliopachikwa huonyesha hali yake ya sasa. Muhtasari wa kikao cha Machi, ukifunguliwa Juni, utaonyesha ubao wa Juni chini ya tarehe ya Machi, na hakuna onyo lolote. Picha haibadiliki, lakini kwa kawaida utafutaji wa wiki hausomi maneno yaliyomo. Kwa hiyo weka vitu vitatu: maamuzi kwa maandishi, picha ya siku ile, na kiungo cha ubao kwa anayetaka kuchimba.

21. Je, wajua kinachosababisha muhtasari uleule kujirudia mara tatu? Boti ilituma, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, ikadhani imeshindwa na kutuma tena. Kila kikaratasi kina kitambulisho chake kisichobadilika hata maneno yakibadilika. Kihifadhi kitambulisho hicho pamoja na ukurasa. Confluence ina sifa zilizofichika za kurasa kwa kazi kama hiyo. Kabla ya kuandika, boti iulize: hiki nilishakileta? Ikiwa ndiyo, isahihishe kilichopo, isiongeze kingine.

22. Je, wajua kuwa Wikipedia iliyapitia haya yote kabla ya ofisi zetu? Mwaka 2002 boti iitwayo Rambot iliandika takriban makala 30,000 za miji na kaunti za Marekani, zikafurika kwenye orodha ya mabadiliko mapya. Baada ya hapo boti zikapewa alama maalumu inayomwezesha msomaji kuzificha. Wiki ya ofisi yako inahitaji vivyo hivyo. Watu wakipata barua pepe 40 kwa siku kutoka kwa boti, wataacha kusoma hata ile moja iliyoandikwa na meneja.

23. Je, wajua kuwa dawa ya kusawazisha nakala mbili ni kuwa na nakala moja? Zamani kila makala ya Wikipedia ilibeba orodha yake ya viungo vya lugha nyingine, na boti zilizunguka kutwa kucha kuzipatanisha, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ikiwemo. Wikidata ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2012, na tangu 2013 viungo hivyo vikahamia mahali pamoja ambapo lugha zote husoma. Kazi ya maelfu ya mahariri ikatoweka. Nanyi chagueni: tarehe ya uzinduzi inaishi kwenye wiki au ubaoni? Ikishaamuliwa, upande wa pili usome tu, usiandike.

24. Je, wajua kuwa mbao hufa? Google ilitangaza Septemba 2023 kwamba ubao wake wa kidijitali, Jamboard, unafungwa. Kuanzia 1 Oktoba 2024 ubao ukawa wa kutazama tu, na tarehe 31 Desemba 2024 ndio ukawa mwisho. Watumiaji walielekezwa FigJam, Lucidspark na Miro. Timu iliyokwisha kuandika maamuzi yake kwenye wiki ilipoteza mchoro. Isiyoandika ilibaki na jambo la kuhamisha na siku zinazohesabika.

25. Je, wajua kuwa kikaratasi chenye jina la mtu kina sheria? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Uganda nayo ilitunga yake 2019, na Rwanda 2021. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Warsha ya afya yenye vikaratasi vya majina na simu za washiriki, ikimwagwa na boti kwenye ukurasa wa "yeyote mwenye kiungo", si muhtasari tena. Ni uvujaji. Fremu yenye majina ya watu isiguswe na boti yoyote.

PA KUANZIA

Anza bila boti. Miro hutoa vikaratasi kwa faili la CSV. Lifungue, chukua yaliyoamuliwa, yabandike kwenye jedwali la wiki lenye safu tatu: uamuzi, mwenye kazi, tarehe. Fanya hivyo kwa vikao vichache. Ukiona safu hizo hazijazwi kwa sababu kikao hakimalizi mambo, hakuna programu itakayozijaza. Ukiona zinajazwa ila mchapaji anachoka, hapo boti imepata kazi yake. Ipe njia ya upande mmoja, kutoka fremu ya Maamuzi kwenda ukurasa mmoja, na mtu mmoja atakayepata ujumbe kila inaposhindwa. Jina la mtu huyo liandikwe juu ya ukurasa.